Pumzi ya Bafu

Bweni la wasichana, chumba cha 14
4 Machi

Baba,

Shikamoo. Najua simu kwako siku hizi ni mlio wa nyuki tu, na fundi aliyetoboa zege miaka thelathini bila kuziba masikio hana wa kumlaumu. Kwa hiyo nakuandikia kama tulivyokubaliana. Mimi ni mzima. Mwambie Bibi soksi alizonifumia nazivaa mpaka darasani.

Ulitaka nikueleze vizuri ninachosomea, maana majirani wanakuuliza na wewe unawajibu "mambo ya majengo" halafu unabadilisha mazungumzo. Basi waambie ni uhandisi wa huduma za majengo. Kuna wanaosomea nguzo na kuta. Sisi tunasomea vinavyopita ndani ya hizo kuta: maji safi, maji machafu, umeme, hewa, lifti, mabomba ya kuzimia moto. Tuna mhadhiri tunamwita Mzee Feni, kwa kuwa hafungui mdomo mpaka feni iwashwe. Anasema jengo bila sisi ni maiti iliyosimama. Jengo hunywa, huenda haja na huvuta pumzi kama mtu.

Wiki iliyopita aliuliza nani amewahi kushika spana. Nikanyoosha mkono, nikasema baba yangu ni fundi bomba. Akaniita mbele nieleze mabomba ya choo kwenye mchoro. Nikaeleza yote, kwa maneno yako. Nikasema "shingo ya bata" kwa ile kona iliyo chini ya sinki, nikasema "bomba la pumzi". Darasa zima likacheka. Mzee Feni akasema nimeeleza sawasawa, ila hiyo ni lugha ya mitaani.

Kwa hiyo nimekuandikia karatasi ya maneno sahihi, iko humu ndani. Na barua yako ya mwezi uliopita nimeirudisha, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Usinune, ni utani. Si wewe uliyenifundisha kuuliza si ujinga? Ukikwama, niulize.

Mwanao,
Koki

*

Nyumbani
17 Machi

Koki,

Marahaba. Barua yako imefika. Na yangu imerudi, imetapakaa damu. Nimehesabu makosa kumi na tisa. Nilipokuwa nachapwa shuleni yalikuwa machache zaidi.

Karatasi ya maneno nimeiweka kwenye sanduku la spana. Juzi nilikwenda dukani kununua kiwiko cha bomba la nusu inchi. Nikafika kaunta, nikakumbuka kuwa kiwiko si kiwiko tena, na hilo jina lake jipya limenitoka. Nikaonyesha kwa kidole kama bubu. Muuza duka akaniuliza kama koo linaniuma.

Lakini kuhusu bomba la pumzi ngoja nikukumbushe kidogo. Ni lile linalotoka kwenye chemba, linapanda ukutani mpaka juu ya paa, mdomo wazi. Ukilisahau, choo kikimwagwa kinavuta maji ya sinki, nyumba inanguruma na kunuka. Ulikuwa darasa la nne uliponishikia ngazi nikibadilisha la hapa kwetu. Ukaniuliza bomba gani hili lisilopitisha maji. Nikakwambia majitaka nayo yanahitaji pumzi. Ukaridhika. Siku hizo ulikuwa unaridhika upesi.

Bibi yako hajambo, ila baridi inamtesa. Kila akitoka kuoga lazima anipe langu. Anasema mama yake hakumzaa aje kuogea kwenye friji, na kwamba mwanawe amejenga friji akaliwekea mlango. Nampashia maji kwa ndoo, yanapoa kabla hajamaliza kuvua nguo. Ni miaka themanini na moja lakini ulimi wake haujaota kutu.

Soma kwa bidii. Uliitwa Koki kwa sababu ulizaliwa ukalia miezi sita bila kufungika. Sasa naona umefunguka upande wa maneno.

Baba yako,
Fundi wa mitaani

*

Bwenini
30 Machi

Baba,

Shikamoo. Nilicheka pale pa muuza duka. Kisha nikasoma ulivyosaini, nikaacha kucheka.

Nisamehe. Kilichonikera mimi ni wale waliocheka darasani, hasira yangu nikaja kuimalizia kwako. Ile karatasi itupe. Kalamu nyekundu nimempa mwenzangu wa chumbani, anapigia mistari kitabu chake cha dini. Kuanzia leo nikikuandikia mambo ya kazi nitayaandika kwa maneno yako, kama nilivyojifunza kwako. Kiwiko kitaitwa kiwiko.

Na Bibi mwambie mjukuu wake analifikiria lile friji.

Koki

*

Kambi ya mafunzo ya kazi
20 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimepata nafasi ya mafunzo ya kazi katika hoteli moja kubwa inayokarabatiwa. Tunang'oa mabomba yote ya zamani, ghorofa sita. Msimamizi ananiita Bi Mkubwa, kwa kuwa siku ya kwanza nilimkatalia kupanda jukwaa lililolegea, na saa mbili baadaye likaanguka lenyewe. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo akitaka kupandisha mtu juu ananitazama kwanza.

Sasa habari yenyewe. Hoteli inatupa hita zake za gesi, zile za kutundikwa ukutani, unafungua maji tu zinawaka zenyewe. Nyingi bado nzima. Nimeomba moja, nimeifungua na kuisafisha kwa mikono yangu, na dereva wa kampuni anayekuja huko ataileta pamoja na barua hii. Ni ya Bibi. Mwambie friji limekwisha.

Kuifunga utaweza ukiwa umefumba macho, kwa hiyo ninakukumbusha machache tu. Mtungi wa gesi ukae nje ya nyumba. Moto wake uwe wa buluu. Ukiona wa njano, zima. Na bafu liwe na pumzi. Hilo la mwisho, Baba, usilifanyie mchezo, bila pumzi hicho kitu ni hatari. Mengine unayajua kuliko mimi.

Umeona? Nimetumia neno lako.

Mitihani inaanza katikati ya mwezi ujao. Niombeeni.

Koki wenu

*

Nyumbani
6 Agosti

Mhandisi wangu,

Marahaba sana. Mzigo umefika salama. Nimeifunga Jumamosi, na moto ni wa buluu.

Kuhusu pumzi usiwe na wasiwasi. Baada ya kusoma barua yako nilipanda paani siku hiyohiyo. Nimekuta ndege amejenga kiota kwenye mdomo wa bomba. Nimekitoa, na bomba nimeliongeza futi mbili juu, ili lisizibike tena. Pumzi ya nyumba hii sasa haina mfano mtaa mzima.

Kisha nikafikiri, maji ya moto kwenye chumba cha baridi ni kazi bure. Kile kidirisha cha bafuni nimekiziba kwa ubao, na mlango nimeuzungushia mpira pande zote. Haupiti hata uzi wa upepo.

Ungemwona Bibi yako. Alioga nusu saa nzima, nikawa nagonga mlango nikidhani amelala. Ametoka anaimba, ngozi inang'aa. Akanishika mkono akasema, "Sasa ndiyo umejenga nyumba." Miaka ishirini na sita tangu nimalize nyumba hii, Koki, hajawahi kuniambia hivyo. Jioni kichwa kilimuuma kidogo, nikamtania kuwa ni ulevi wa raha.

Anasema Mungu akuongoze mitihani yote. Na mimi nasema hivyohivyo, ingawa hesabu zako sizijui.

Kama kuna nililokosea, niambie.

Baba

*

Bwenini
28 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Naona aibu kwamba nilikaa kwenye msiba siku moja tu nikarudi kwenye mtihani, na watu bado wamekaa uani. Najua Bibi mwenyewe angenifukuza. Angesema kaburi halina ratiba lakini mtihani unayo.

Nashukuru Shangazi amekubali kuhamia hapo akae nawe. Dada yako ni mkali, lakini utakula kwa wakati. Na daktari alivyosema kuwa moyo ulikuwa umechoka, naona ni vema tushukuru kwamba alikwenda akiwa safi, ametoka kuoga, bila kuugua kitandani.

Siku ile tulioga kwa jirani kwa kuwa ulilifunga bafu kwa kufuli, ukasema bomba limepasuka. Fundi bomba mwenye bomba lililopasuka. Nilicheka katikati ya msiba na wamama wakanikazia macho.

Kuna jambo dogo. Ile hita. Nimesikia kazini kwamba za aina ile zina kasoro kutoka kiwandani. Naomba usiiwashe tena, wala Shangazi asiiwashe hata mara moja. Tafadhali, Baba. Ni kasoro ya kiwandani tu, hakuna zaidi.

Koki

*

Nyumbani
22 Septemba

Koki,

Marahaba. Hita nimekwisha kuitoa. Ilikuwa inavuja maji, ndiyo maana nililifunga bafu. Usiwaze.

Bibi yako alikwenda kwa uzee.

Soma.

Baba

*

Nyumbani kwa baba yako
10 Oktoba

Mwanangu,

Ni mimi shangazi yako. Hujambo? Huku hatujambo kwa macho ya watu.

Baba yako ameacha kazi. Hajamwambia mtu kwamba ameacha, lakini mteja akija anamwambia, "Tafuta fundi." Sanduku la spana amelisukuma chini ya kitanda cha marehemu mama. Asubuhi akishakunywa chai anaingia bafuni, anakaa kwenye kigoda, mlango wazi, mpaka jua linapanda. Nikitaka kufua ndani humo namwambia apishe, anapisha bila neno. Kaka yangu huyo ninayemjua alikuwa hapishi mtu bila kumpa kichekesho.

Kwenye mfuko wa shati ana barua yako ya mwezi wa saba. Ameikunja na kuikunjua mpaka inachanika. Juzi amelala nikaichomoa, na sioni aibu kusema. Neno moja amelizungushia kalamu: pumzi. Nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha sikio, eti hajasikia. Anasikia anapotaka yule.

Mimi sikusoma sana, lakini naona mnafichana jambo, yeye na wewe, kila mmoja anamwekea mwenzake mto wa kulalia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Basi kama unayo, njoo nayo au yaandike. Lakini yamfikie.

Shangazi

*

Bwenini
19 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Shangazi ameniandikia. Ameniambia majuto ni mjukuu, bila kufikiri kwamba mjukuu wenyewe ni mimi.

Nilikudanganya. Hita haina kasoro ya kiwandani. Moto wa gesi unakula hewa ya chumba. Chumba kikizibwa, hewa inapungua, na moto ule unaanza kutoa sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasinzia, anaanguka. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba bafu liwe na pumzi. Nilikuwa na maana ya hewa, Baba. Kidirisha, matundu, uwazi chini ya mlango. Mzee Feni husema jengo linavuta pumzi, na mimi nikalichukua neno hilo, nikafurahi kwamba ni neno lako pia. Sikukumbuka kwamba kwako pumzi ni bomba la juu ya paa. Ulikuwa umenieleza mwezi wa tatu, kwa mkono wako, na nilikuwa nimekucheka.

Kama ningeandika "acha dirisha wazi", mtoto wa darasa la pili angeelewa. Niliandika kwa kukubembeleza.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Barua yako ya tarehe 6 Agosti ilinifikia tarehe 14. Bibi alifariki tarehe 23. Niliona mwandiko wako kwenye bahasha, nikasema hii ni ya shukrani, nitaisoma kwa raha mitihani ikiisha. Nikaiweka ndani ya daftari la somo la hewa, iwe alama ya ukurasa. Siku tisa, Baba. Nilikuwa nalifungua na kulifunga hilo daftari kila asubuhi. Tarehe 21 tukafanya mtihani. Swali la nne lilihusu hita ya gesi kwenye chumba kidogo, inahitaji uwazi wa ukubwa gani ukutani. Nilipata alama zote.

Barua yako niliifungua niliporudi kutoka msibani. Nilipofika pale pa ubao na mpira wa mlangoni, nilikaa sakafuni. Kisha nikasoma mwisho wake: kama kuna nililokosea, niambie.

Hukukosea. Nakuomba usikae tena kwenye kile kigoda kwa jambo ambalo ni langu. Nimeandika barua ya kuacha chuo, iko mezani, bado sijaipeleka. Mtu anayejua jibu la swali la nne na bibi yake akafa hana haja ya kuendelea kulijibu.

Sijui nikuombe radhi vipi. Nimejaribu mara tano na zote nimezichana.

Koki

*

Nyumbani
2 Novemba

Koki, mwanangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea shangazi yako, kwa sababu amechoka kuvizia mifuko.

Nilijua. Nilijua siku ileile. Ilikuwa saa nne asubuhi, mimi niko sebuleni natengeneza koki ya mteja. Jirani ndiye aliyesikia ndoo ikianguka, akaja kupiga hodi. Mimi sikusikia kitu. Nilipovunja mlango na kumwinua mama yangu, kichwa kilinigonga mpaka nikashika ukuta, na moto wa hita ulikuwa wa njano kama kiini cha yai. Nikakumbuka barua yako. Nikaizima, nikaing'oa kabla daktari hajafika, nikaweka kufuli. Kwa daktari nikasema ni uzee. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba usijue zawadi yako ilifanya nini. Wewe ukanidanganya kiwanda, mimi nikakudanganya maji yanavuja. Damu ni moja.

Sasa sikiliza, maana unajitwisha mzigo wote na mwingine ni wangu. Ulipoandika bafu liwe na pumzi, nilisoma mara tatu. Nikajiuliza, bomba la choo linahusiana nini na moto wa gesi? Miaka thelathini ya kazi, sijasikia bafu likihitaji pumzi kwa ajili ya hita. Swali lilinijia, Koki. Nilikaa mezani, nikachukua mpaka karatasi. Kisha nikakumbuka ile kalamu nyekundu. Nikasema mhandisi ataniona mjinga. Nikachukua ngazi nikapanda paani, kwa sababu paani hakuna wa kunisahihisha.

Kuuliza si ujinga, nilikufundisha wewe, na mwenyewe nikashindwa kwa sababu ya aibu. Aibu ya nini? Ya mtoto wangu mwenyewe, niliyemfundisha kushika spana. Barua ya kujibiwa ingechukua wiki mbili. Mama angevumilia ndoo wiki mbili, na matusi ningeyapata kama kawaida.

Kwa hiyo gawana nami. Usichukue yote. Na usiniambie sikukosea, hilo nalo ni kunibembeleza.

Barua ya kuacha chuo ichane. Nasema hivyo na sikuombi. Kuna mafundi wengi kama mimi wanaopanda paani na swali kifuani. Wanahitaji mtu anayejua jibu la swali la nne na anayejua pia kwamba pumzi ni bomba. Ile karatasi yako ya maneno sikuitupa, ulisema niitupe sikuitupa. Niandikie nyingine, ndefu, maneno yako upande mmoja na yangu upande wa pili. Nisilolielewa nitauliza, hata kama utacheka.

Sanduku la spana nimelitoa chini ya kitanda. Mteja hajaja bado.

Jana nimeng'oa ubao wa kidirisha, na mpira wa mlangoni nimeuchomoa wote. Upepo unaingia kama zamani. Bafu limekuwa friji tena. Nilipomaliza nilikaa humo kidogo, nikimngoja mtu alalamike.

Baba yako